Udongo Uliochoka kwa Kulimwa: Dalili, Chanzo na Tiba Katika Shamba la Mahindi na Maharage

Malalamiko ya kila msimu ni yaleyale. Shamba lilipofyekwa lilizaa bila mbolea. Miaka michache baadaye mahindi yamedumaa, maji ya mvua yanakimbilia kwa jirani, na mfuko wa pili wa mbolea haujaleta tofauti yoyote. Hapo lawama huenda kwa mbegu, kwa mbolea, au kwa mwenye duka. Sisi tunasema: chimba kwanza, nunua baadaye. Sehemu kubwa ya matatizo yaliyoelezwa hapa yanaonekana kwa macho ndani ya shimo la sentimita 40.

Kulima kunafanya nini udongoni

Chukua bonge la udongo kutoka chini ya majani ya pembezoni mwa shamba, mahali ambapo jembe halifiki, ulivunje taratibu kiganjani. Linaachia punje ndogondogo za ukubwa wa mtama au choroko, na katikati ya punje utaona mizizi myembamba kama nywele. Kisha vunja bonge la katikati ya shamba. Ama linapasuka vipande vikali vyenye kingo, au linakuwa vumbi.

Punje zile zimeshikwa na viumbe hai. Nyuzi za kuvu huzifunga kama kamba, na bakteria hutoa ute unaozigandisha. Ndani yake imefichwa mboji ambayo bakteria hawaifikii. Plau likipita linazivunja, hewa inaingia, na bakteria wanaila mboji ile kwa haraka. Wakiila wanaachia nitrojeni. Ndiyo maana shamba jipya huzaa sana miaka ya mwanzo: linatumia akiba. Kuvu huumia zaidi kuliko bakteria kwa sababu nyuzi zake hukatwa vipandevipande, nao nyungunyungu hukatwa na njia zao hufukiwa. Miaka ikipita unabaki na udongo wenye bakteria walaji wa haraka, kuvu chache na mboji kidogo, usioweza kushika maji wala mbolea.

Vifaa vya kupimia ni hivi: beleshi au jembe, nondo ya milimita 8 hadi 10 yenye urefu wa mita moja, kisu, rula, glasi mbili za maji safi, na kamba ya mita 10.

Dalili ya 1: Mvua ikinyesha maji yanatuama au yanakimbia, na mahindi yananyauka baada ya siku chache za jua

Chanzo kinachoongoza ni tabaka gumu lililotengenezwa na plau lenyewe. Plau la ng'ombe au jembe la mkono linapopita kina kilekile kila mwaka, kwa kawaida sentimita 10 hadi 15, sehemu ya chini inasuguliwa na kukandamizwa. Plau la sahani la trekta hulisukuma tabaka hilo chini zaidi, sentimita 15 hadi 25. Kulima udongo ukiwa umelowa sana hufanya mambo kuwa mabaya zaidi. Vyanzo vingine, kwa kadiri vinavyopungua, ni ukoko wa juu (angalia dalili ya 2), ng'ombe walioachiwa kula mabua ardhi ikiwa bado mbichi, na mwisho asili ya udongo wenyewe, kama mfinyanzi mweusi wa mbugani.

Anza na nondo. Ngoja siku mbili au tatu baada ya mvua nzuri, kwa sababu udongo mkavu utakudanganya: kila mahali patakuwa pagumu. Shika nondo kwa mikono miwili na uisukume taratibu bila kupiga nyundo. Ikizama vizuri, kisha ikagoma ghafla, halafu ukikaza ikapenya tena kwa urahisi, hapo umegusa tabaka la plau. Weka alama kwa kidole na upime kwa rula. Rudia sehemu kumi zilizotawanyika shambani. Ikigoma kina kilekile mara saba au nane kati ya kumi, jibu umelipata.

Thibitisha kwa kuchimba karibu na mmea. Ukitaka kuona vizuri, using'oe mhindi. Chimba pembeni yake, kisha safisha ukuta wa shimo kwa ncha ya kisu kuanzia juu kwenda chini. Kisu kinaingia kirahisi, kinagoma, kinaingia tena. Mizizi iliyofika kwenye tabaka hilo inapinda kama kiwiko na kutambaa kando, mingine imekuwa bapa kama imekanyagwa. Mhindi wa namna hiyo unakunywa kwenye sentimita 15 za juu tu, na jua la wiki moja linazimaliza.

Tiba ya haraka ni kulipasua tabaka bila kugeuza udongo. Pima lilipo, kisha weka ncha ya kipasuzi sentimita 5 chini ya mwisho wake. Ukipita juu ya tabaka hujafanya kitu, na ukienda chini sana unapoteza mafuta. Ripa, yaani chuma chembamba cha kupasua mstari, ya kukokotwa na ng'ombe, kama ile ya Magoye iliyoanzia Zambia, inatosha kwa tabaka lililo karibu. Kwa tabaka la kina zaidi unahitaji sabsoila ya trekta, yaani chuma kirefu cha kupasua chini. Pasua kwenye mistari ya kupandia pekee, kwa nafasi ya sentimita 75 hadi 90.

Kazi hii hufanywa baada ya mavuno udongo ukiwa mkavu, kwa sababu mkavu hupasuka na kutoa nyufa kando ya mstari. Ukipasua udongo uliolowa, chuma kinakata kama kisu kwenye sabuni: kinaacha mfereji wenye kuta laini na msimu ujao hauoni tofauti. Kosa la pili, ambalo linauma zaidi kwa kuwa limeshalipiwa, ni kupasua halafu kulima tena shamba zima kwa plau. Tabaka linarudi. Ukishapasua, panda kwenye mstari uleule na uendelee kuutumia.

Usipokuwa na hela ya trekta, tumia mizizi. Mbaazi zilizochanganywa na mahindi hubaki shambani baada ya mahindi kuvunwa, na mzizi wake mkuu hupenya pale ambapo wa mahindi umekwama. Ukioza unaacha mrija ambao maji na mizizi ya mwaka unaofuata hupita. Fiwi, ambazo kaskazini huitwa ngwara, nazo hufaa. Matokeo hayaji mwaka mmoja, hesabu misimu miwili au mitatu.

Kwenye mteremko, kupasua peke yake hakutoshi. Fuata kontua, yaani mistari ya usawa inayokata mteremko, na weka makingamaji. Machakos wanafahamu fanya juu: unachimba mfereji na udongo unautupa upande wa juu, tuta linajikusanyia udongo na mwishowe unapata ngazi. Wamatengo wa Mbinga wana ngoro, na ukiitazama kwa jicho la viumbe wa udongoni utaona ni ufundi mkubwa. Nyasi hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatizana kama miraba, udongo unachimbwa katikati ya mraba na kufunika nyasi, zao linapandwa juu ya kingo. Shimo linakamata maji, nyasi zinaoza chini ya mizizi.

*Simama hapa:* nondo ikigonga kitu kama mwamba, na shimo likaonyesha changarawe nyekundu iliyoshikana au tabaka jeupe la chokaa, usikodi sabsoila. Hilo si tabaka la plau, utavunja chuma cha watu. Ukikuta udongo wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu, maji ya chini hupanda hadi hapo kila mwaka, na dawa yake ni mifereji iliyopimwa na mtaalamu. Na kama tayari kuna korongo linalokula kuelekea juu ya mteremko, usilijaze takataka ukadhani umelizuia. Mwite afisa wa hifadhi ya ardhi, maana maji yanapaswa kuzuiwa huko yanakotoka kwanza.

Dalili ya 2: Mbegu nzuri inaota kwa mapengo, na juu ya udongo kuna ukoko

Fukua pengo. Ukikuta mche umejikunja chini ya ukoko kama ndoana, mbegu haina kosa.

Sababu ya kwanza ni kuvuruga udongo kupita kiasi. Haro, chombo cha kuvunja mabonge baada ya plau, inapopitishwa mara mbili na tatu "ili shamba lipendeze" inageuza punje zote kuwa vumbi. Tone la mvua linapiga vumbi, vumbi linaziba matundu, jua linakausha. Sababu ya pili ni udongo kubaki uchi kwa sababu mabua yamechomwa au yamehamishwa yote. Ya tatu, na ni nadra isipokuwa kwenye skimu za umwagiliaji na maeneo makame, ni magadi, yaani chumvi ya sodiamu, ndani ya udongo.

Kipimo chake kinachukua dakika tano. Chukua bonge la ukubwa wa yai la kware lililokauka kabisa kivulini, liweke taratibu kwenye glasi ya maji, kisha lingine kutoka pembezoni ambapo hapalimwi liweke kwenye glasi ya pili. La pembezoni litatoa mapovu na kukaa. La shambani likisambaratika kuwa tope kabla dakika hazijaisha, gundi ya viumbe imekwisha. Maji yakibaki na wingu jeupe kama maziwa yasiyotulia hata baada ya saa kadhaa, shuku magadi.

Kuokoa msimu uliopo: vunja ukoko siku ya tatu hadi ya tano baada ya kupanda, kwa reki au tawi la miiba linaloburutwa kidogo, kina kisizidi sentimita 2. Ukichelewa utavunja shingo za miche.

Kwa msimu ujao, acha haro. Mahindi hayahitaji unga, yanahitaji mstari uliofunguliwa na mbegu iliyoguswa na udongo. Kisha funika ardhi. Kiwango cha chini kinachosaidia ni asilimia 30 ya uso wa shamba wakati wa kupanda, na namna ya kukipima ni hii: funga mafundo 50 kwenye kamba ya mita 10, fundo moja kila sentimita 20, uitandaze kwa mshazari, uhesabu mafundo yaliyolala juu ya bua au jani. Mafundo 15 ni asilimia 30. Mahali ambapo mifugo hula mabua yote, mpango wa kwanza ni kupatana na wafugaji au kuhifadhi nusu ya mabua mpaka mvua zikaribie. Bila hilo mengine ni maneno.

*Simama hapa:* maji ya maziwa kwenye glasi pamoja na chumvi nyeupe juu ya ardhi wakati wa kiangazi ni kazi ya maabara. Jasi huweza kutibu magadi, lakini kiasi chake kinategemea vipimo, na bila maji ya kuisafisha chumvi itoke hutapata kitu.

Dalili ya 3: Majani ya chini yanakuwa ya njano kuanzia ncha, kama herufi V inayoingia katikati ya jani

Huu ni upungufu wa nitrojeni. Hakikisha kwanza: njano ikianzia ukingoni mwa majani ya chini na ukingo ukaungua, ni potasiamu. Ikianzia majani machanga ya juu, huenda ni salfa au ugonjwa, na maelezo ya hapa hayakuhusu.

Lakini nitrojeni imekwenda wapi? Hapa wengi huongeza urea bila kuuliza.

Mara nyingi imekuja na kuondoka kabla ya mmea kuwepo. Udongo uliokauka kiangazi kizima unapopata mvua ya kwanza, viumbe waliolala huamka, hula wenzao waliokufa na mboji iliyolegezwa na ukavu, na kuachia nitrojeni nyingi ndani ya siku chache. Jambo hili lilielezwa miaka ya 1950 na H. F. Birch, aliyefanya utafiti Muguga nchini Kenya, na hadi leo wanasayansi wa udongo duniani kote huliita kwa jina lake. Mkulima aliyepanda mapema hukuta chakula mezani. Aliyepanda wiki tatu baadaye hukuta mvua imeshakizamisha chini ya mizizi. Wazee waliosisitiza mbegu iwe ardhini mvua inapoanza walikuwa na sababu nzito. Tiba: andaa shamba kabla ya mvua, panda mvua ya kwanza ya uhakika, na gawanya mbolea ya kukuzia mara mbili, nusu mahindi yakiwa na wiki tatu hadi nne, nusu yakikaribia kiuno.

Chanzo cha pili ni mabua mabichi yaliyofukiwa karibu na kupanda. Bua la mahindi lina kaboni takriban sehemu 60 kwa sehemu 1 ya nitrojeni. Bakteria na kuvu wanaoliozesha wanahitaji chakula chenye uwiano wa kama 25 kwa 1, kwa hiyo upungufu wanaukopa kutoka kwenye udongo, na mhindi mchanga unakaa na njaa kwa wiki nne hadi nane. Fukua kidogo: ukikuta mabua yenye utando mweupe wa kuvu katikati ya mizizi, ndilo tatizo lenyewe. Halimaanishi udongo umekufa, kinyume chake. Weka mfuko mmoja wa kilo 50 wa mbolea ya kukuzia ya CAN kwa ekari mapema kuliko ulivyopanga, nao mkopo utarudishwa mabua yakimalizika kuoza. Mwaka ujao laza mabua juu ya ardhi badala ya kuyafukia. Yanayogusa udongo ni machache kwa wakati mmoja, hivyo mkopo unakuwa mdogo.

Chanzo cha tatu ni maji kutuama. Hewa ikikosekana, baadhi ya bakteria hupumua kwa kutumia nitreti na nitrojeni inaruka hewani. Ukiweka urea juu ya tope unawalisha hao hao. Rudi dalili ya 1.

Kinachobaki ni mboji kuisha kabisa, na hapo hesabu ni rahisi. Tani moja ya punje za mahindi inaondoka shambani na nitrojeni ya kilo 15 hivi. Ukivuna tani mbili kwa ekari na kurudisha mfuko mmoja wa mbolea ya kupandia ya DAP wenye nitrojeni kilo 9, unachuma kwenye akiba kila mwaka. Samadi iliyoiva, tani 2 hadi 4 kwa ekari, hurudisha nitrojeni pamoja na chakula cha viumbe. Ikiwa haitoshi shamba zima, weka konzi mbili kwa shimo. Marejea, mmea uliopata umaarufu kutoka Peramiho, Songea, hukusanya nitrojeni hewani. Ukate unapoanza kutoa maua, shina likiwa bado laini. Ukiuacha ukomae unapata kuni.

Dalili ya 4: Miche inakuwa ya zambarau na kudumaa

Zambarau kwenye kingo za majani ya chini ni fosforasi. Nyanda za juu kama Njombe au Kericho, baridi ya wiki za mwanzo huweza kuileta hata udongo ukiwa na fosforasi ya kutosha. Subiri siku kumi za jua. Ikipotea yenyewe, usitumie hela.

Isipopotea, fikiria mambo kwa mpangilio huu: fosforasi haikuwekwa au iliwekwa mbali na mbegu, udongo mwekundu wenye asidi umeishika kwa chuma na alumini, tabaka gumu limezuia mizizi, na mwisho, jambo ambalo halipewi nafasi yake, kuvu za mikoriza zimepungua. Kuvu hizi huingia ndani ya mzizi, hupewa sukari, nazo hutandaza nyuzi mbali kuliko mzizi unavyofika na kurudi na fosforasi. Jembe linapokata mtandao huo mche unaanza peke yake. Kabichi, sukuma wiki na jamii yao nzima hawashirikiani na mikoriza, kwa hiyo mahindi yanayofuata baada ya kabichi, au baada ya ardhi kukaa tupu bila mmea wowote hai kwa muda mrefu, huchelewa.

Mwaka huu weka mbolea ya kupandia yenye fosforasi sentimita 5 kando na 5 chini ya mbegu. Fosforasi haitembei udongoni, hivyo kuitawanya juu wakati wa palizi ni hasara. Mwaka ujao panda kunde au maharage baada ya kabichi ndipo yaje mahindi. Fosfeti ya Minjingu, kutoka Manyara, hufanya kazi vizuri zaidi kwenye udongo wenye asidi kwa sababu asidi ndiyo inayoiyeyusha. Kwenye udongo wenye pH (kipimo cha asidi) ya juu, yaani usio na asidi, itakaa kama mchanga.

Dalili ya 5: Maharage au soya hazina vinundu, au zina vinundu visivyo na kazi

Chimba mmea unapoanza kutoa maua. Ukiung'oa vinundu hubaki ardhini na utadanganyika. Zamisha mizizi kwenye ndoo ya maji udongo uachie, kisha pasua vinundu kwa ukucha. Nyekundu au waridi, kama nyama, maana yake bakteria wa rizobia wanafanya kazi. Nyeupe, kijani au kijivu, hawafanyi.

Hapa kuna mtego. Uvimbe wa minyoo fundo, minyoo midogo sana inayoingia mizizini, hufanana na vinundu. Sugua kwa kidole: kinundu kimeshikilia kwa pembeni na hutoka, uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe ulionenepa na hautoki bila kuukata.

Vinundu vikikosekana kwa soya, mara nyingi rizobia wanaoufaa mmea huo hawamo. Maharage na kunde hupata wa kienyeji kirahisi zaidi. Paka chanjo ya rizobia ya soya kwenye mbegu, kwa kipimo cha kwenye pakiti, ukiwa kivulini, na upande siku hiyohiyo. Mbegu iliyopakwa dawa ya kuua kuvu huweza kuwaua, vilevile jua la moja kwa moja. Uliza pakiti ilivyohifadhiwa: ikikaa wiki mbili kwenye kibanda cha bati, umenunua unga mtupu.

Vikiwa vipo lakini vyeupe, tazama asidi na upungufu wa fosforasi. Vikiwa vichache na mmea una kijani kizuri, nitrojeni ni nyingi, punguza mbolea. Ukiwa ni uvimbe wa minyoo, usirudishe nyanya, bamia wala maharage hapo. Panda marejea kwanza.

*Simama hapa:* dawa za kuua minyoo ya udongoni ni miongoni mwa sumu kali zaidi shambani. Usizitumie bila mtaalamu aliyethibitisha minyoo kwa darubini.

Dalili ya 6: Mbolea inawekwa ipasavyo na bado mazao yanashuka mwaka hadi mwaka

Fikiria asidi. Mbolea zenye amonia huongeza asidi pale bakteria wanapoigeuza kuwa nitreti. SA (salfeti ya amonia) huongoza, DAP inafuata, urea kidogo, CAN kidogo zaidi. Mvua nyingi na mavuno yenyewe huondoa kalsiamu na magnesiamu. pH ikishuka chini ya 5.5, alumini inayeyuka na kuunguza ncha za mizizi: ukichimba utakuta mizizi mifupi, minene, bila vinywele. Bakteria wanaoozesha na wanaokamata nitrojeni hupungua pia.

Chokaa ya kilimo ndiyo tiba, ila *usinunue kabla ya kipimo cha maabara*. Viwango vya kawaida ni kilo 400 hadi 1,000 kwa ekari, lakini mfinyanzi unahitaji zaidi ya kichanga kwa pH ileile. Isambaze wiki tatu au zaidi kabla ya kupanda, ichanganye hadi sentimita 15 au 20. Hapa ndipo tunakubali kulima: ukiiweka mara moja vizuri, unaweza kupumzisha jembe miaka mitatu. Usiichanganye na urea, DAP wala samadi kwa wakati mmoja, harufu kali utakayoisikia ni nitrojeni inayopotea. Shamba la chai liache, chai hupenda asidi. Kwenye viazi mviringo nenda polepole, chokaa nyingi hualika ukurutu, ugonjwa wa magamba kwenye ngozi ya kiazi. Ukizidisha kwenye mahindi utaona michirizi myeupe kwenye majani machanga, nayo ni zinki kufungwa.

Dalili ya 7: Kiduha

Kiduha ni gugu linalonyonya mizizi ya mahindi. Utaona maua ya zambarau chini ya mahindi, mahindi yakinyauka huku udongo una unyevu. Magharibi mwa Kenya huitwa kayongo. Mmea wenye njaa ya fosforasi na nitrojeni hutoa mizizini kemikali za strigolaktoni kuiita mikoriza, na mbegu ya kiduha imejifunza kuusikiliza wito huohuo. Kwa hiyo udongo uliochoka hukiita kiduha kwa sauti kubwa.

Ng'oa kabla hakijatoa maua, choma vilivyokomaa nje ya shamba. Mmea mmoja una maelfu ya mbegu zinazodumu udongoni zaidi ya miaka kumi. Badilisha na soya, karanga au kunde, ambazo huchochea baadhi ya mbegu za kiduha kuota bila kupata wa kumnyonya. Desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, iliyopandwa katikati ya mistari ya mahindi hukizuia na kurutubisha udongo, na ng'ombe wanaipenda. Safisha plau la kukodi kabla halijaingia shambani kwako, tope la magurudumu husafirisha mbegu.

Dalili ya 8: Mabua ya mwaka juzi bado yapo, na ukichimba huoni nyungunyungu

Ardhi ikiwa na unyevu, chimba mchemraba wa sentimita 20 kila upande, uuchambue juu ya turubai. Usipopata hata nyungunyungu mmoja kwenye mashimo matano, au ukimpata mmoja tu, viumbe wamepungua. Thibitisha kwa kuzika kipande cha kanga ya pamba tupu kwa kina cha sentimita 15 mwanzoni mwa mvua, kingine nje ya shamba, ukiweka vijiti vya alama. Fukua baada ya miezi miwili. Cha nje kimebaki nyuzi za mshono, cha shambani unaweza kukifua ukakitumia: hapo jibu liko mkononi.

Chanzo kinachoongoza ni njaa: mabua yamechomwa au yamehamishwa, na hakuna mzizi hai ardhini nusu ya mwaka. Kisha kulima mara kwa mara, kisha asidi. Kwenye mikahawa ya zamani, dawa za shaba zilizopuliziwa miaka mingi hubaki udongoni na kuwaumiza nyungunyungu. Hilo linahitaji maabara.

Usianze na chupa za vijidudu zinazouzwa madukani. Ukiwamwaga kwenye udongo usio na chakula watakufa kama waliowatangulia. Anza na samadi, mabua, majani ya alizeti pori yaliyokatwa mabichi, na zao la kufunika ardhi baada ya mahindi.

Kuchukua sampuli ya maabara

Gawanya shamba kwa rangi ya udongo na mteremko. Tembea kwa mstari wa zigizaga, chukua sehemu 10 hadi 15, kina cha sentimita 0 hadi 20, ukiruka vichuguu, zizi la zamani, njia, na mahali mbolea ilipomwagika. Tumia ndoo ya plastiki safi, ya bati lenye zinki itaharibu kipimo. Changanya, gawanya sehemu nne, ondoa mbili za mshazari, rudia hadi ibaki nusu kilo. Kausha kivulini juu ya gazeti, weka kwenye mfuko safi. Tanzania maabara zipo TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) Mlingano mkoani Tanga na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Kenya ipo KALRO (shirika la utafiti wa kilimo na mifugo) Kabete. Omba pH, kaboni, nitrojeni, fosforasi, potasiamu, na kiasi cha chokaa kinachohitajika. Juu ya mfuko andika kina, zao lililopita, mbolea iliyotumika na zao unalotaka kupanda, kwa sababu ushauri wa maabara hutegemea hayo manne.